Si ya Kwetu

Zilibaki sekunde 41 na timu zilitofautiana pointi moja. Mtoano wa NBA, mwezi Mei, robo ya nne. Sebuleni tulikuwa sita: mimi, Mama mwenye nyumba, na watoto wake wanne waliojipanga juu ya zulia kama dagaa kwenye chanja. Mchezaji akaruka, mpira ukamtoka mkononi, ukapanda. Skrini ikawa nyeusi. Ikapiga ile milio mitatu ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta bati juu ya sementi, kisha mlio mrefu wa kutoboa masikio, kisha sauti ya mashine ikaanza kusoma majina ya kaunti.

"Banasema nini?" Mama akauliza.

Nikasoma maandishi yaliyokuwa yakipita. Radi kali na mvua ya mawe, kaunti ya Benton, inaelekea kaskazini-mashariki. Sisi tuko kusini-mashariki ya Benton. Wingu lenyewe lilikuwa linatukimbia.

"Ni ya kwetu?"

"Si ya kwetu, Mama."

Picha iliporudi lilikuwa tangazo la magari ya pikapu. Kisha tangazo la dawa ya kiungulia. Kisha watangazaji wawili wakicheka jambo ambalo nchi nzima ilikuwa imeliona isipokuwa sisi. Matokeo niliyasoma kwenye simu. Ule mpira, kwangu, mpaka leo uko hewani.

Najua unachowaza. Kijana mzima, msomi, analilia mpira wa kikapu huku watu wa Benton wakipigwa na mawe ya barafu. Nilijisema hivyo hivyo. Nikanyamaza mwaka mzima. Lakini ninayo hoja, na si ya mpira, ingawa sitaki kujifanya mtawa: mpira nao uliniuma.

Nieleze kwanza tunavyoishi. Nasoma shahada ya uzamili ya jiografia hapa Iowa City, mji ambao UNESCO iliupa cheo cha Mji wa Fasihi mwaka 2008, na ambao mimi naujua zaidi kwa mahindi na upepo. Nimepanga chumba kwa familia iliyotoka Uvira, Kivu Kusini, ikakaa Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi na kitu kabla ya kuletwa Marekani. Baba anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Mama anabaki na watoto, na mimi, kwa kuwa ndiye mwenye Kiingereza kingi pale ndani jioni, nimekuwa mkalimani wa kila kitu: barua za shule, bili za umeme, na televisheni inapopiga kelele. Kuanzia Aprili hadi Agosti hupiga kelele sana. Na kila ikipiga, Mama huuliza swali lile lile kwa Kiswahili cha kwao: ni ya kwetu? Nami hujibu kwa ngeli hiyo hiyo. Si ya kwetu.

Mimi ni mtu wa ramani, kwa hiyo niliposhindwa kuandika tasnifu niliamua kuchunguza kwa nini mbingu ya Benton inaingia sebuleni kwangu.

Ile milio mitatu ya kukwaruza si vitisho vitupu. Ni maandishi yaliyogeuzwa sauti. Ndani yake mna msimbo unaosema nani ametoa onyo, ni la nini, litadumu muda gani, na ni la wapi. Unarudiwa mara tatu ili mashine ya kituo isikosee. Hiyo "wapi" huandikwa kwa tarakimu sita. Kaunti yetu, Johnson, ni 019103: 19 ni jimbo la Iowa, 103 ni Johnson. Na ile sifuri ya mwanzo? Siku niliyoisoma maana yake sikulala vizuri. Waliobuni mfumo walitenga tarakimu nzima kwa ajili ya kuikata kaunti vipande tisa. Moja ni kaskazini-magharibi, tano ni katikati, tisa ni kusini-mashariki. Sifuri maana yake ni kaunti nzima, au hatukutaja sehemu. Yaani nafasi ya kusema "ni kule tu" imekuwemo tangu mfumo huu ushike mahali pa ule wa zamani mwaka 1997. Kila nilipotazama maonyo ya huku kwetu, nilikuta sifuri.

Wala watabiri wa hali ya hewa hawana lawama, na hili nataka lieleweke, maana ndio wanaotukanwa. Tangu Oktoba 2007 idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani haitoi tena onyo la tonado au radi kali kwa kufuata mipaka ya kaunti. Mtabiri anachora umbo juu ya ramani, lenye pembe nne au tano, linalofuata njia ya wingu lenyewe. Umbo hilo mara nyingi ni ukanda mwembamba unaogusa kona ya kaunti na kupita. Kazi ya makini. Kisha linaingizwa kwenye bomba la televisheni, na bomba linauliza swali moja tu: limegusa kaunti gani? Kona ikiguswa, kaunti nzima inapiga yowe. Na kwa kuwa kituo kimoja kinarusha kwa kaunti nyingi, na kampuni ya kebo inalisha miji kadhaa kutoka kwenye chumba kimoja cha mitambo, yowe la kona linakuwa yowe la mkoa. Kwenye kebo ni vibaya zaidi. King'amuzi hakiweki maandishi juu ya picha tu. Kinakunyang'anya chaneli na kukupeleka kwenye skrini yake nyeusi, upende usipende.

Simu zimekwisha kutatua jambo hili. Maonyo ya simu yalianza mwaka 2012, nayo yalikuwa mapana vivyo hivyo, lakini kuanzia Desemba 2019 kampuni kubwa za simu zilitakiwa kufikisha onyo ndani ya umbo lililochorwa bila kuvuka kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya maili. Hiyo ni kama mita 160. Mita 160 kwenye simu, na kaunti nzima kwenye televisheni, kwa wingu lile lile, dakika ile ile.

Utaambiwa televisheni haijui uko wapi. Antena ya juu ya paa, sawa, haijui. Lakini king'amuzi? King'amuzi kinajua. Kampuni inayonikatia mchezo haijapata hata siku moja kunitumia bili ya jirani. Inajua nyumba, inajua ghorofa, inajua tarehe. Kuna matangazo ya biashara siku hizi yanayopangwa nyumba kwa nyumba, jirani akiona la gari na wewe ukiona la nepi. Fundi wao alipokuja kufunga waya aliuliza hata namba ya mlango wa nyuma. Ni hapo tu dhoruba inapokuja ndipo tunapogeuka kuwa watu wasiojulikana wanakoishi.

Bibi yangu aliishi Ifakara, karibu na Kilombero, ambako mafuriko si habari ya televisheni. Sijapata kusikia mbiu ya mgambo, ile pembe inayolia watu wakajua kuna jambo. Hiyo naijua kwenye methali tu, kama wengi wa umri wangu. Lakini yowe nimelisikia. Yowe likipigwa usiku, bibi hakuuliza "wanasema nini". Alinyamaza kidogo, akageuza kichwa. Alikuwa anapima. Linatoka upande wa mtoni au upande wa barabarani? Ni la karibu au la mbali? Ni sauti ya nani? Kabla hajavaa kanga ya pili alikwisha kujua kama ni la kukimbia, la kukimbilia, au la kurudi kulala na kuuliza asubuhi. Yowe lina umbali ndani yake. Linafifia linavyokwenda, na kufifia kwenyewe ni habari. Televisheni imeondoa hilo. Dhoruba ya kilomita 80 na dhoruba ya mlangoni zinaingia sebuleni kwa ukali ule ule, kwa sauti ile ile ya mtu asiye na pumzi wala makazi, na mwenye nyumba anabaki kugeuza kichwa huku na huku bila kupata upande.

Halafu kuna majina. Jimbo hili lina kaunti 99, na mojawapo inaitwa Iowa. Kaunti ya Iowa, ndani ya jimbo la Iowa. Iowa City haimo ndani yake; iko kaunti ya jirani. Sasa mchukue mtu ambaye Kiingereza chake ni cha miaka mitatu, anayejua kwamba anaishi Iowa, katika mji wa Iowa City, na mashine inamsomea kwa haraka kwamba tonado imeonekana Iowa County. Mara ya kwanza Mama alipoyasikia hayo aliwavalisha watoto viatu wote wanne na kuketi nao bafuni saa nzima, kwa sababu ya wingu lililopita magharibi huko na kwenda zake. Nilirudi maktaba nikawakuta wamejibanza kwenye beseni la kuogea na biblia na pakiti ya biskuti. Nikacheka. Sikupaswa kucheka.

Nikaeleza. Nikaonyesha ramani. Na tangu siku ile nikaanza somo la pili bila kujua kwamba nafundisha: kila kelele, si ya kwetu.

Watetezi wa kelele wana jibu, na si jibu dogo. Tarehe 27 Mei 2019 mtangazaji mmoja wa hali ya hewa huko Dayton, Ohio, alikatiza kipindi cha mapenzi kinachopendwa sana ili aeleze tonado iliyokuwa inaingia mjini. Watazamaji wakaanza kumtukana mtandaoni: turudishie kipindi. Akawagombeza hewani, mbele ya kamera, kwamba harudishi. Usiku ule tonado kubwa zilibomoa mitaa mizima ya eneo lile. Yule bwana alikuwa sahihi kabisa, na mimi nikimwona nitampa mkono. Kila ninapoanza hoja yangu kuna mtu hunitolea mfano huo: afadhali mia wakasirike kuliko mmoja afe.

Lakini tazama alichokuwa anafanya. Alisimama mbele ya ramani. Alitaja mitaa, alitaja dakika, alionyesha kwa kidole. Mtu aliyekuwa nje ya njia aliweza kuliona hilo kwa macho yake, na aliyekuwa ndani pia. Aliyekasirika, alikasirika akiwa anajua. Huwezi kutumia jasho la mtu yule kutetea skrini nyeusi inayosoma orodha ya kaunti.

Na hesabu ya mia kwa mmoja ni ya uongo, kwa sababu yule mmoja hutoka ndani ya wale mia. Mei 2011 tonado iliua watu zaidi ya 150 katika mji wa Joplin, Missouri. Onyo lilitolewa. Ving'ora vililia. Idara ya hali ya hewa yenyewe ilikwenda kuwahoji walionusurika, ikakuta kwamba wengi hawakukimbia kwa king'ora cha kwanza. Walisubiri dalili nyingine, wakachungulia dirishani, wakawasha televisheni, na sababu mojawapo ni kwamba ving'ora walikuwa wamevizoea. Miaka ile, maonyo kama matatu kati ya manne ya tonado nchini yaliisha bila tonado. Hilo silalamikii, anga ni ngumu, na mtabiri anayesubiri uhakika atachelewa mazishi. Kukosea kutabiri ni jambo moja. Kujua kwa usahihi kwamba wingu haliji kwangu na bado kunipigia yowe ni jambo lingine. La kwanza ni mpaka wa sayansi. La pili ni uvivu, tena uvivu unaokula akiba ya imani ambayo la kwanza linaihitaji.

Mifano iko wazi. Tarehe 9 Januari 2025, Los Angeles ikiwaka moto, onyo la kuhama lililokusudiwa watu wa eneo moja dogo magharibi mwa kaunti lilitumwa kwa wakazi wa kaunti nzima, karibu watu milioni 10. Simu zikalia kuanzia baharini hadi jangwani. Siku mbili kabla yake, katika kaunti hiyo hiyo, moto wa Eaton ulianza jioni na kuingia Altadena. Upande wa magharibi wa Altadena amri ya kuhama ilifika baada ya saa tisa usiku, nyumba zikiwa zimeshaanza kuungua, na karibu wote waliokufa katika moto ule walikuwa upande huo. Kwa hiyo kaunti moja, wiki moja: milioni 10 waliambiwa wakimbie bila sababu, na waliokuwa na sababu waliachwa wakalala.

Sisi nyumbani, Tanzania, tusijitoe. Taarifa ya mvua kubwa ikisomwa tunasikia orodha ya mikoa ambayo kila mtu ameikariri kama sala: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Morogoro, Lindi, Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Mkoa wa Morogoro peke yake una kilomita za mraba zaidi ya 70,000. Ni mkubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Mtu wa Ifakara aambiwe "Morogoro" afanye nini nalo? Na kabla hatujacheka wenye kelele nyingi tukumbuke siku tulipokosa hata hiyo moja: tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi. Kenya waliwahi kuwatoa watu fukweni. Dar es Salaam watoto walikuwa wanaogelea. Kwa hiyo sisemi zimeni maonyo. Mtu aliyetoka pwani ile hawezi kusema hivyo.

Ninachosema ni kwamba hapa Iowa nimeona pande zote mbili za ubaya huu zikiishi kwenye mfumo mmoja. Tarehe 10 Agosti 2020, kabla sijafika, derecho ilipita. Ni ukuta wa upepo usiozunguka, unaosukuma mbele kwa mamia ya kilomita. Cedar Rapids, kaskazini mwetu kidogo, ulikadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa. Mchana kweupe. Sasa, kwa kanuni za wakati ule, onyo la radi kali halikuwa na ruhusa ya kuliza simu. Tonado iliruhusiwa, mafuriko ya ghafla yaliruhusiwa, lakini derecho kwenye makaratasi ni "radi kali", jamii moja na ile ya Benton iliyonikatia mchezo. Kanuni ilibadilishwa Agosti 2021, mwaka mmoja baadaye, radi iliyopewa daraja la uharibifu nayo ikaruhusiwa kupiga simu. Baada ya ule upepo, familia za wakimbizi, nyingi zikiwa za Waafrika, zililala kwenye mahema nje ya majengo yao yaliyobomoka. Mama anawafahamu baadhi yao, husali pamoja. Mmoja alimwambia kwamba usiku wa kwanza kwenye hema alidhani amerudi Nyarugusu.

Na lugha je? Mwaka 2023 tume ya mawasiliano ya Marekani ilipitisha kanuni ya kutaka maonyo ya simu yaweze kutolewa kwa lugha 13 zinazozungumzwa zaidi nchini mbali na Kiingereza. Nilipitia orodha nikitafuta yetu. Kijerumani kimo. Kiitaliano kimo. Kifaransa kimo, na kwa hicho Baba mwenye nyumba angepona, maana alisoma hadi sekondari na huko kwao darasani ni Kifaransa. Mama hakupelekwa. Kiswahili hakimo. Sidai kiwemo kwa sababu ya fahari, wala sitaki kuanza ile hotuba ya Kiswahili kukua na kutandaa duniani. Hesabu ya vichwa ndiyo iliyotumika, na vichwa vyetu hapa ni vichache. Lakini ramani haihitaji lugha. Duara la "wewe uko hapa" na umbo la wingu linalosogea vingemtosha Mama kuliko maneno yangu yote. Hicho ndicho kitu ambacho skrini ile nyeusi, yenye nafasi yote duniani ya kuchora, haichori.

Basi ulikuja usiku wa Aprili.

Baba alikuwa kazini. Mimi nilikuwa mezani jikoni, nimeziba masikio kwa spika ndogo, nasahihisha majibu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Televisheni ikakwaruza mara tatu. Sikugeuka. Niliona midomo ya Mama ikiniuliza, nikatikisa kichwa na kusema lile neno kabla hajamaliza. Sikuangalia skrini. Naandika hili polepole ili lisomeke: sikuangalia skrini. Na simu yangu, ile yenye uwezo wa mita 160, haikulia, kwa sababu nilikuwa nimezima maonyo mwenyewe mwezi wa kwanza wa masika uliotangulia, siku moja nilipoamshwa saa kumi alfajiri na hasira za televisheni zikahamia kwenye kifaa kisicho na kosa. Mpangilio upo, ni kubofya mara tatu tu. Mtu anayesoma jiografia.

Aliyetuokoa ni jirani wa chini, mzee wa Kimarekani asiyesalimia, aliyepanda ngazi na kugonga mlango kwa ngumi. Hakusema kaunti. Alisema "sasa", na kidole kikaonyesha chini. Hilo Mama alilielewa bila mkalimani. Tukateremka hadi chumba cha kufulia kilicho chini ya ardhi, giza, mashine za kufulia zikinuka sabuni na unyevu, watu wa jengo zima wamebanana. Mama akahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Moja, mbili, tatu. Akahesabu tena.

Wa nne alikuwa amebaki kwenye kochi. Miaka saba. Nilipanda ngazi nikamkuta ameketi vilevile, rimoti mkononi, anajaribu kurudisha katuni. Madirisha yalikuwa yanavuta na kusukuma kama mapafu. Nikamshika, akakasirika.

"Anko, umesema si ya kwetu."

Tonado ilipita kusini mwetu, mashambani, ikang'oa paa la banda la mashine la mkulima mmoja na kulitupa ng'ambo ya barabara. Jengo letu lilipoteza vigae vichache. Hakuna aliyeumia. Asubuhi yule mzee wa chini alikuwa anafagia majani kwenye ngazi na hakuitikia salamu, kama kawaida yake.

Nimewaandikia kampuni ya kebo mara mbili. Wamejibu kwamba wanathamini maoni yangu na kwamba wanatii kanuni. Ni kweli wanatii. Ndiyo ajabu yake. Kanuni zinawalazimisha kubeba onyo la rais na majaribio ya kila wiki na kila mwezi, lakini maonyo ya hali ya hewa ya jimbo na kaunti wanayabeba kwa hiari. Mtu anayefanya jambo kwa hiari anaweza kulifanya vizuri. Anaweza kuacha picha yangu mahali pake na kuniwekea ramani pembeni. Anaweza kuuliza king'amuzi kiko wapi kabla hajakipigisha yowe. Anwani anayo, kwenye ile barua ya majibu aliiandika bila kukosea hata herufi.

Wiki iliyopita lilikuwa jaribio la mwezi. Skrini ikawa nyeusi, bati likaburutwa mara tatu, na watoto wanne wakageuka kwa pamoja, si kuitazama televisheni bali kunitazama mimi. Mama naye. Sauti ya mashine ilikuwa inasema kwamba hili ni jaribio tu. Nililisikia vizuri. Hata hivyo nikainuka, nikachukua simu, nikafungua ramani, na tukasubiri wote sita ile nukta ya bluu itafute nyumba yetu.